Mwezi Ulihama, Deni Likabaki

Kwanza, deni halikuwa laki moja. Pili, sikulia. Ile ilikuwa baridi ya Uyole, na anayeijua baridi ya Uyole ya Julai anajua macho hutoa maji yenyewe bila kuombwa. Nayaandika haya kwa sababu rafiki yangu, ambaye leo nitamwita Msambazaji tu, ameshatupia kwenye kila grupu la Mbeya kwamba nilidaiwa laki moja mbele za watu nikalia, hadi shangazi yangu wa Tukuyu kanipigia kuniuliza kama siku hizi nashindwa hata kununua unga.

Kile kibanda chetu cha nyota mnakijua: kuta za tofali, paa la bati linalosukumwa pembeni juu ya reli, na katikati darubini ya kioo tuliyoifufua wenyewe. (Ambao hamjafika, njooni, hatutozi kitu.) Shida ya darubini moja ni foleni. Watu wengi, tundu moja, na kila akifika anagoma kutoka. Juzi Jumamosi nikaja na dawa: simu naibana kwenye lenzi ya kuchungulia, waya unaenda kwenye projekta, projekta inamwaga picha kwenye shuka jeupe nje. Mwezi mmoja wa wote, hata kwa bibi asiyeweza kuinama.

Na mwezi ulikuwa nusu, ambao ndio wa kuangalia jamani, si ule mpevu. Ukiwa mpevu jua linaumulika usoni, vivuli vyote vinakufa. Ukiwa nusu, pale mwanga unapopakana na giza, kila shimo na kila mlima unasimama na kivuli chake.

Watu walijaa. Wanafunzi na mwalimu wao, bodaboda, na wale wazee waliokwenda Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 kuona jua likipatwa na kubaki pete, ambao hadi leo hawajamaliza kutusimulia. Mzee mmoja akanishika mkono: je, Kimondo cha Mbozi, chuma chote kile kinachokadiriwa kufika tani 16, kilidondoka kutoka huko mwezini? Nikamwambia hapana baba, mwezi ni miamba. Vimondo vya chuma kwa kawaida ni vipande vya sayari ndogo zilizovunjika zamani. Akanitazama kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa nimevaa koti la kuazima, sauti nimeishusha iwe ya redioni. Nikawauliza wanafunzi: mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa, kwa hiyo huo mnaouona ni wa lini? Katoto kamoja kembamba ka mstari wa mbele hakakugusa hata kidole: "Wa sekunde moja nukta tatu iliyopita." Makofi. Mkakumbuke hako katoto.

Nikawatahadharisha pia kwamba darubini yetu inapindua picha, kwa hiyo kila watakachokiona shukani kiko juu chini.

Mtaniuliza, hali ya ndege kwenye simu, ile inayozuia meseji kuingia, hukuiona? Niliiona. Ila mafuta ya jenereta yalikuwa yanaelekea kuisha na nilikuwa nasubiri simu ya jamaa aliyetumwa kuyaleta. Tusilaumiane.

Sasa twende taratibu.

Nilikuwa nimefika Bahari ya Utulivu, lile bapa jeusi ambako Apollo 11, chombo cha Wamarekani chenye watu, ilitua tarehe 20 Julai 1969. Dada mmoja akauliza kama bendera ya Wamarekani inaonekana. Nikacheka kile kicheko cha wataalamu. "Hapana, dada yangu. Kwa umbali huu darubini yetu haiwezi kuonesha kitu kidogo namna hiyo. Lakini tazameni hapa kwa makini," nikaigusa shuka kwa fimbo, "mtaona jambo."

Ting.

Wakaliona jambo. Juu ya Bahari ya Utulivu ikateremka meseji, jina Mama Chapati: "Profesa mwezi tumeuona. 14500 yangu ya chapati tutaiona lini?"

Haikupinduka. Kila kitu kwenye ile shuka kilikuwa juu chini isipokuwa hiyo.

Kukawa kimya. Halafu wanafunzi, maskini, walivyozoeshwa darasani, wakaisoma kwa sauti wote kwa pamoja.

Ting. "Usinitafute huko juu. Niko hapa nyuma kwenye mparachichi, wala huhitaji darubini."

Nikageuka. Yupo. Kitenge begani, simu imemmulika kidevu, ametulia kabisa.

Nikakimbilia kibandani kuifuta. Wenye darubini mnajua: ukikuza picha kiasi kile, hata kuipumulia inatikisika. Mimi nikaipiga kidole kilichokufa ganzi. Mwezi ukaruka, ukingo wake ukapita shukani mbio, ukapotea. Likabaki giza tupu la anga, na katikati yake, herufi zinang'aa kuliko mwanzo, deni langu peke yake.

Nikagusa tena. Nilitaka kuifunga. Ikafunguka. Ndugu zangu wafuasi, yakatokea mazungumzo yote tangu enzi hizo: "Kesho mama yangu." "Jumatatu bila kukosa." "Mwisho wa mwezi." Bodaboda mmoja akapaza sauti: "Mwezi upi, huu aliouficha sasa hivi?"

Na katikati ya kicheko kile, katoto kangu ka mstari wa mbele, kanyoosha mkono kwa adabu: "Mwalimu, chapati ikiwa shilingi 500, ni chapati 29."

Makofi yalizidi yale ya mwanzo. Mwalimu wao naye alipiga.

Mafuta yakaisha hapo hapo, Mungu ni mwema. Gizani nikamkopa mwenye koti, nikamlipa mama kwa simu, meseji ya muamala ikaingia kwake, akaisoma kwa sauti pia, sijui kwa nini. Kisha akapanga foleni ya kuchungulia tunduni na ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Kila mara mwezi ulipotoka kwenye kioo kwa mzunguko wa dunia aliniita niurudishe, "ndaga fijo" (asante sana kwa Kinyakyusa), anaendelea. Aliuliza maswali ya maana kuhusu mashimo kuliko sisi wote.

Jumamosi hii mawingu yakitupisha tunaangalia Alfa Kentauri, ile nyota kali jirani na Msalaba wa Kusini. Kwa macho ni moja, kwenye darubini zinatoka mbili. Mama atakuwepo na meza yake chini ya mparachichi, chapati za moto na chai ya tangawizi. Mkopo hakuna, na kila aliyeuliza sababu ameelekezwa kwangu.