Mama aliogopa kufa, na imani yake ilikuwa nzima

Wiki chache kabla mama hajafariki, mgeni mmoja alikuja kumwombea. Mama akamwambia kwa sauti ndogo, "Naogopa." Mgeni akajibu papo hapo: "Mama, aliyeokoka haogopi kifo." Akasoma Neno, akaomba, akaenda zake. Tangu jioni ile mama hakulitamka tena neno hilo mbele ya wageni. Hofu haikuondoka, ilibaki naye, ila sasa hakuwa na wa kumwambia.

Jambo hilo nimekaa nalo moyoni miaka mingi. Jibu lile lilimuumiza mgonjwa, na sioni lilitoka wapi katika Injili.

Kaburini kwa Lazaro, Yesu alikuwa ameshasema anakwenda kumwamsha rafiki yake, na bado alilia machozi. Gethsemane, bustani alimoomba usiku wa kukamatwa kwake, ilikuwa nzito zaidi. Marko anaandika kwamba alifadhaika sana na kuhangaika, akawaambia wanafunzi kuwa roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akaomba kikombe kile kimwondokee. Aliomba hivyo zaidi ya mara moja. Waandishi wa Injili wangeweza kuuficha usiku ule ili Bwana wao aonekane shujaa asiyetikisika. Hawakuuficha.

Mfananishe Yesu na Sokrate, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyehukumiwa kifo, jinsi mwanafunzi wake Plato anavyomweleza: anakunywa sumu kwa utulivu, kwa kuwa kwake kifo ni roho kufunguliwa kutoka mwilini. Nasikia maneno ya namna hiyo misibani, yakisemwa na Wakristo: "Ameuvua mwili tu." Nia ni njema, lakini Paulo hasemi hivyo. Katika 1 Wakorintho 15 anayaita mauti adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Anayekutana na adui na moyo ukamwenda mbio hajamkana Mungu. Tumaini analolihubiri Paulo ni ufufuo, mwili huu wa kuharibika kuvaa kutokuharibika. Ndivyo inavyofunga Imani ya Nikea pia, ungamo la kale la Kanisa, kwa maneno yaliyotoka Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Konstantinopoli mwaka 381: kungojea ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao.

Kuhusu kipindi cha kati, tangu mtu akate roho hadi siku ile, makanisa hayakubaliani. Wakatoliki wanafundisha toharani kwa wale wanaohitaji kutakaswa, Waadventista Wasabato wanasema wafu wamelala hawajui neno lolote, na Waprotestanti wengi wanaamini mwamini huenda kwa Kristo mara moja. Mimi naegemea hilo la mwisho, kwa sababu ya mhalifu yule aliyesulubiwa pamoja na Yesu, akaambiwa "leo hivi" atakuwa pamoja naye peponi. Lakini sijawahi kuona mgonjwa aliyefarijika kwa mjadala huo kitandani.

Siku moja tukiwa wawili tu nilimuuliza mama anaogopa nini hasa. Nilidhani atataja hukumu, maana tumelelewa tukihubiriwa jehanamu kuliko msamaha. Hakuitaja. "Naogopa njia," alisema. "Nyie wote mtaishia hapa."

Sikuwa na jibu. Nikafungua Zaburi ya 23, aliyoijua kwa moyo tangu utotoni. Nikiwa nasoma ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mwanzoni Daudi anamzungumzia Mungu kama mtu aliye pembeni: Bwana ndiye mchungaji wangu, hunilaza, huniongoza. Akifika kwenye bonde la uvuli wa mauti lugha inageuka ghafla. Haelezi tena habari za Mungu, anaongea naye: "kwa maana Wewe upo pamoja nami." Bonde bado ni bonde, na giza lake halijapungua.

Nikamwonyesha mama. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudie pale penye "Wewe". Nikarudia. Usiku ule alinitaka nirudie mara nyingi, na kila mara mkono wake uliushika wangu kwa nguvu, kwa sababu bado alikuwa anaogopa.