Nani Akae Zamu ya Kuchati Maktabani?

Maktaba ya chuo kikuu inapokaa kupanga upya huduma yake ya kuchati na wasomaji, hoja inayotangulia mezani huwa ni ileile: maswali mengi ni mepesi. Mnafunga saa ngapi? Nimesahau nywila. Kitabu hiki nikirudishe lini? Kwa nini basi mkutubi aliyesomea kazi hii miaka mingi akae zamu nzima mbele ya kompyuta akijibu mambo ambayo mwanafunzi kibarua, au hata roboti, yaani programu inayojibu yenyewe, angeyamaliza kwa sentensi moja?

Wanaosema hivyo wana sababu. Zamu ya kuchati inachosha kuliko inavyoonekana: watatu wanaingia kwa mkupuo, kila mmoja anataka jibu sasa hivi, kisha unakaa saa nzima hakuna anayebisha hodi. Usiku, wanafunzi wanapoandika kazi zao, wakutubi wamelala. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, zilianzisha QuestionPoint, mfumo ulioziwezesha maktaba kupelekeana maswali na kusaidiana kuyajibu. Ulisaidia, ila mkutubi wa chuo cha mbali hajui kanuni zenu za kuazima wala mwalimu wenu ametoa kazi gani. Roboti naye halali wala haombi likizo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kishawishi cha kumkabidhi zamu kimeongezeka, ingawa programu za aina hiyo zina tabia ya kutunga marejeleo: mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo. Anayetumwa kuitafuta makala hiyo ni mkutubi yuleyule aliyeondolewa zamu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiyo hesabu ya maswali mepesi. Huhesabiwaje?

Chukua mazungumzo ya namna hii. Mwanafunzi anaandika: “Habari, mna vitabu vya takwimu?” Mhudumu mmoja anamtumia kiungo cha katalogi, anajibiwa “asante”, dirisha linafungwa. Kwenye fomu ya zamu anajaza: swali jepesi, dakika 2, limejibiwa. Mhudumu mwingine anajibu: “Vipo vingi. Ni vya kusomea mtihani, au kuna kitu unakifanyia kazi?” Kimya kidogo. Halafu: “nina madodoso ya tasnifu sijui nitumie kipimo gani”. Wanaendelea. Inabainika kwamba majibu ya madodoso ni ya ngazi, kuanzia “nakubali sana” hadi “nakataa kabisa”, na msimamizi wake anataka alinganishe makundi mawili. Hapo huyo hahitaji rafu nzima ya vitabu. Anahitaji sura moja inayoeleza kipimo cha Mann-Whitney na makala mbili tatu zilizokitumia, aone wenzake walivyoandika matokeo.

Mwanafunzi ni mmoja na salamu ni ileile. Katika takwimu za mwezi, mhudumu wa kwanza ametoa swali jepesi na wa pili ametoa swali zito. Kwa hiyo asilimia tunayoitumia kuamua nani akae zamu imepikwa na yule aliyekwisha kaa zamu! Weka wasio na mafunzo, wepesi wa maswali utapanda. Upeleke wepesi huo kwenye kikao cha bajeti, utaruhusiwa kuongeza wasio na mafunzo.

Robert Taylor, mtaalamu wa maktaba wa Marekani, aliliona hilo mwaka 1968, kabla maktaba hazijaanza kuchati na wasomaji: msomaji hamletei mkutubi haja yake ilivyo, humletea swali alilokwisha kulipunguza lilingane na kile anachodhani maktaba ina uwezo wa kukitoa. Mtandaoni upunguzaji huo unazidi, maana watu huandika kwa kifupi na hakuna uso wa kusoma. Kipimo cha READ, ambacho wakutubi hukitumia kupanga maswali waliyojibu kuanzia 1 hadi 6, angalau huangalia juhudi na maarifa aliyotumia aliyejibu. Hata hivyo, asiyejitahidi atajiandikia 1 kila mara, na hatakuwa amedanganya.

Mahali pa kitufe cha kuchati napo panachangia. Kiweke kwenye ukurasa wa saa za kufungua, utaulizwa saa za kufungua. Kiweke pale kanzidata inapomwambia mtu “hakuna matokeo”, utaulizwa mambo mengine kabisa.

Wapo wanaopendekeza njia ya kati: kibarua apokee, yakimzidi amwite mkutubi. Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo ni kwamba kumwita kunahitaji kwanza kutambua kuwa swali lina kina, na huo ndio ujuzi wenyewe. Pia kila makabidhiano ni nafasi ya mtu kuondoka, hasa akiambiwa “tuma barua pepe”. Vibarua waliofundishwa kuuliza swali moja la nyongeza kabla ya kutuma kiungo wanaweza kuifanya kazi hii vizuri sana. Ila mafunzo hayo nayo yana gharama, na mara nyingi ndiyo yanayokatwa mwanzo. Roboti nitampokea kwa nywila na saa za kufungua, mradi ajitambulishe kuwa ni roboti na mlango wa kumfikia binadamu uwe wazi.

Kabla ya kupanga zamu, zichukuliwe nakala za mazungumzo ya wiki moja ya msimu wa tasnifu, majina yafutwe, zisomwe hadi mstari wa mwisho. Kila mazungumzo yapewe alama mbili: swali lililofungua na swali lililojibiwa mwishoni. Zisomwe pia zile zilizoishia kwenye “asante” ya haraka, mtu aulize kama palikuwa na nafasi ya kuuliza zaidi. Saa ambazo alama hizo zinatofautiana sana ndizo za kumweka mkutubi. Na maktaba ikikuta tofauti ni ndogo usiku na mchana, iwape vibarua zamu zote, sitakuwa na la kupinga.