Shemeji alivyoruka miruko mitatu kwenye korido

Kuna watu ukiangalia nao michezo unafaidi, halafu kuna shemeji yangu. Huyu haangalii, anafundisha. Mpira anafundisha, ndondi anafundisha, sasa ile Septemba 2025 mashindano ya dunia ya riadha yako Tokyo, fainali ya miruko mitatu ya wanaume, mi nimejikalia zangu kwa dada nataka nimwone Pichardo wa Ureno kwenye uwanja uleule alioshindia dhahabu ya Olimpiki 2021 kwa mita 17.98, mara jamaa huyoo kaja kukaa pembeni yangu na rimoti kashika yeye.

Kosa langu nini? Niliuliza tu huyu mbona kainuliwa bendera nyekundu, wakati mi naona karuka vizuri.

Weee. Akapunguza sauti ya tivii. Ukiona mtu kapunguza sauti ya mtangazaji ili aongee yeye, ujue umekwisha. Akaanza: shemeji, ubao ule wa kurukia una upana wa sentimita 20, ukanyage popote ila kiatu kisivuke mstari wa mbele, hata kidole kikivuka ni faulo, bendera nyekundu, mruko wako hata haupimwi. Nikasema sawa nimeelewa. Akasema hujaelewa. Mruko wa kwanza unaondokea mguu wa kulia unatua huohuo wa kulia, wa pili unatua kushoto, wa tatu ndo unaondokea kushoto unaingia mchangani, na watu wengi wanafeli huo wa pili maana pale mguu mmoja unapokea zaidi ya mara kumi ya uzito wako. Nikamwangalia, jamaa anakaribia kilo mia, nikapiga hesabu kimoyomoyo nikanyamaza.

Mpaka hapo bado tulikuwa salama. Raundi ya tano imeisha, Pichardo anaongoza, shemeji akatangaza kwamba hiyo biashara imefungwa, raundi ya sita ni ya kukamilisha ratiba tu, "hapa hakuna kitakachobadilika, njoo nikuonyeshe kwa vitendo."

Nikamwambia shemeji tuangalie kwanza imalizike. Hakusikia, ameshakunja suruali.

Korido yao ni ya vigae, inatokea mbele ya chumba cha kulala inakuja kuishia sebuleni. Akavuta godoro la wageni akalitupa sebuleni, hilo ndo shimo la mchanga. Akakunja taulo jembamba akaliweka chini koridoni, huo ndo ubao. Kwa wanaume ubao unatakiwa uwe mita 13 kutoka mchangani, yeye korido yote kuanzia mlangoni haifiki hata nusu ya hiyo, ila akasema atapunguza nguvu. Yaani atapunguza nguvu! Akaenda akazima feni eti upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde rekodi haihesabiki. Rekodi, jamani. Rekodi ya dunia ni mita 18.29, Jonathan Edwards wa Uingereza kaiweka tangu 1995 kule Gothenburg na hadi leo haijaguswa, halafu kuna mtu kavaa soksi anaogopa feni isimharibie rekodi yake.

Sasa hapa ndo akili ilipomzidi. Akasema zamani kabla ya makamera walikuwa wanaweka plastisini, ule udongo laini wa kufinyanga, mbele ya mstari ili mguu ukivuka alama ibaki, sisi plastisini hatuna, akaingia jikoni akatoka na unga wa ngano wa dada, akaunyunyiza mbele ya taulo kwa mpangilio mzuri kabisa. Unga. Juu ya vigae. Na soksi. Mimi akanipa foronya nyeupe na tisheti nyekundu, nikawa jaji.

Akarudi hadi mlango wa chumbani. Akanyoosha mikono juu akaanza kupiga makofi taratibu, anataka na mimi nimpigie. Nikampigia, ningefanyaje.

Akatoka mbio. Aliondoka vizuri tu, nisiwe muongo, mguu wa kulia umekanyaga taulo, kidole gumba kimepitiliza kwenye unga nimekiona kwa macho yangu mawili. Akatua na kulia palepale, ila ile soksi ishapakaa unga, basi mguu haukusimama, ukaendelea na safari. Mruko wa pili haukuwepo, ule ulikuwa usafiri. Jamaa kapita pembeni ya godoro, hajaligusa hata kidogo, mikono bado iko juu kama bingwa, akaenda kuishia chini ya meza ya tivii juu ya ekstensheni. Paa! Giza kwenye kioo.

Kimya kidogo, halafu sauti kutoka chini ya meza: "Nimeruka ngapi?"

Dada akatokea anauliza nani kaanguka, mi nahangaika kuchomeka waya, tivii imewaka lakini king'amuzi ndo kinaanza upya, kinatafuta chaneli kwa asilimia, asilimia yenyewe inapanda moja moja. Picha inarudi, Pichardo kajifunika bendera ya Ureno. Nikajua yamekwisha kama alivyosema shemeji, nikaongeza sauti. Kumbe wapi! Dallavalle wa Italia kwenye mruko wake wa mwisho kaenda 17.64 kaongoza, Pichardo kanyang'anywa dhahabu, na yeye kwenye wake wa mwisho kajibu 17.91. Raundi ya sita yote hiyo! Raundi ya kukamilisha ratiba!

Nikamgeukia shemeji. Kakaa chini anasugua kifundo cha mguu, nyusi nyeupe kwa unga, badala ya kuomba radhi anadai apimwe. Nikainua tisheti nyekundu. Akakataa, akasema anapinga palepale kwa mdomo na kanuni zinamruhusu, mruko upimwe kwanza kesi baadaye. Nikamwonyesha kidole gumba kwenye unga. Akasema ile ni alama ya paka. Paka hawana hiyo nyumba.

Basi akakata rufaa kwa dada. Dada akaangalia unga wake pale chini, akaangalia godoro, akaangalia ile tisheti mkononi kwangu, akaninyang'anya, kumbe ni yake mpya. Akaenda akaleta ufagio na dekio, ufagio akampa mrukaji, dekio akampa jaji.