Tumbo Lenye Ratiba Katika Mji Usio na Saa

Kila siku, kabla mwadhini wa mtaa wetu hajamaliza adhana ya alfajiri, mimi huwa nimekwishameza kidonge changu cha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Kidonge hicho kina masharti kuliko mganga wa kienyeji: kimezwe tumbo likiwa tupu, na baada ya nusu saa chakula kiwe kimefika. Kwenye hiyo nusu saa ndiko ninakoteseka, kwa sababu nyumbani kwangu Mbagala hakuna jambo linalokamilika kwa nusu saa. Gesi huishia wakati uji unaanza kuchemka, mkaa wa akiba unakutwa umelowa, na mtoto aliyetumwa mkate anarudi mikono mitupu, akiwa na salamu za mwenye duka kwamba hana chenji. Wakati wote huo kidonge kipo ndani kinasubiri kama mgeni anayengoja wali harusini, nami nimekaa mkekani nimeshika tumbo.

Nina vidonda vya tumbo, na huu ni mwaka wa sita. Awali nilipopimwa choo nikaambiwa nina bakteria anayeitwa Helikobakta pilori, nikapewa mseto wa dawa za siku 14, nikazimaliza zote, kinywa kikiwa kichungu kama nimelamba msumari. Bakteria waliondoka. Kilichovirudisha vidonda ni ujinga wangu mwenyewe, kwani kila mgongo uliponiuma nilikuwa nanunua diklofenaki na kuzitafuna kama karanga, bila kujua kwamba dawa hizo za maumivu huchubua tumbo lile lile nililolitibu kwa gharama.

Mama mkwe hayakubali maelezo haya. Yeye anashikilia kwamba vidonda vinaletwa na mawazo, na kila akinitazama anamuuliza binti yake, kwa sauti ninayoisikia vizuri, mumewe anawaza nini. Nilijaribu kumsimulia kwamba mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kwa hiari yake kikombe chenye bakteria hao, akaugua tumbo kweli, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakatunukiwa Nobeli kwa kugundua mdudu huyo na kazi anayoifanya tumboni. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema huyo naye alikuwa na mawazo. Mimi bakteria hao nimewabeba bila hiari, na hakuna aliyenitunukia hata soda, ambayo hata hivyo siinywi kwa sababu gesi yake inanipandishia kiungulia.

Mtaani kila mtu ni daktari wangu. Jirani wa kulia ananiletea juisi ya kabichi, wa kushoto ananisisitizia unga wa ndizi mbichi, na fundi viatu anaapa kwa maziwa fresh, ambayo yanapoza kweli kwa muda wa kumsengenya mtu mmoja, halafu tumbo linamwaga asidi mpya kana kwamba limetukanwa. Daktari wa kweli alisema jambo dogo tu: pilipili haikunipa vidonda, ila inavichokonoa, basi nile kidogo kidogo, kwa wakati, nisikae na njaa, na nisilale punde baada ya kula. Nikipitiliza, tumbo hunigongea saa nane usiku kama mgambo anayedai ushuru.

Kwa wakati! Ni rahisi kumwambia hivyo mtu asiyepanda daladala. Saa nne natakiwa nile kitu, na saa nne foleni imeniganda njiani kuelekea Kariakoo, nimebanwa mlangoni na hotipoti yangu ya viazi vitamu kifuani. Siku moja nilipofungua kifuniko nile kipande, konda aliuliza abiria wote kama kuna aliyeagiza chakula. Mtu mzima nikafunga hotipoti, nikavumilia mpaka mwisho wa safari.

Lakini jumba bovu liliniangukia kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu. Kadi iliandika saa kumi na mbili jioni. Maharusi waliingia saa tatu na nusu, na chakula kikawa bado kinanukia nyuma ya pazia. Mama watoto, ambaye ananijua, alikuwa amenifungia vipande viwili vya kiazi ndani ya leso, nikavitia mfuko wa ndani wa koti. Nilisubiri taa zififizwe maharusi wakate keki, nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nikatia kipande kizima mdomoni. Hapo hapo taa zikawashwa na mshereheshaji akamwita baba mdogo wa bwana harusi aje mbele alishwe keki kwa niaba ya ukoo.

Nilitembea ukumbi mzima mashavu yamevimba, nikitikisa kichwa kupokea vigelegele, mpiga video akinifuata uso kwa uso. Bibi harusi alininyooshea kipande cha keki, na hakikuwa na pa kuingia. Video hiyo sasa inaoneshwa kwa kila mgeni anayefika kwa kaka, na wote huisimamisha hapo hapo wakiuliza baba mdogo alikuwa anatafuna nini ilhali chakula kilitoka saa tano.