Kuzika Tunajua, Mtaro Umetushinda

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikiwa imepiga usiku kucha, tulimzika mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Tabora. Waliokwenda kuchimba kaburi alfajiri walirudi saa nne, majembe, sururu na makoleo mabegani. Kufika kwenye turubai la msiba ilibidi waruke mtaro uliokuwa umefurika, maji yamepanda barabarani na kuingia uani mpaka chini ya viti vya akina mama. Vijana wakakimbilia mawe na matofali, wakapanga njia ya kupitisha jeneza. Basi picha ikawa hiyo: wanaume zaidi ya thelathini wamesimama kandokando ya mtaro ulioziba, makoleo mkononi, na hakuna hata mmoja aliyelichomeka koleo lake mle ndani. Mimi nikiwemo.

Mama anayeuza vitumbua pale kona ndiye aliyetutolea uvivu. "Nyie baba zangu, huyo mliyemchimbia hasikii tena baridi ya maji. Sisi ndio tunaolala nayo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtaa wetu ni hodari kiasi kile kwa wafu na mzembe kiasi hiki kwa walio hai.

Chama chetu cha kufa na kuzikana hakina ofisi wala bango. Kina daftari kubwa la kaunta, maturubai mawili, viti vya plastiki na masufuria yasiyotishwa na ubwabwa wa watu mia mbili. Kila kaya inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na msiba ukitokea 5,000 juu yake. Kilio cha kwanza kikisikika, haipiti saa moja kuni zimefika, maji yamechotwa na mtu yuko njiani kwenda kuonyeshwa sehemu ya kaburi. Hakuna anayeuliza dini ya marehemu wala chama chake cha siasa. Siku ya kuanua matanga mweka hazina anasimama, anavaa miwani, anasoma: nani katoa, nani bado, mchele kilo ngapi, kuni za shilingi ngapi, kimebaki nini. Anasoma majina yote. Nimeona watu wazima wakitoka nje kujifanya wanapokea simu jina lao lilipokaribia, kisha wakarudi na noti mkononi.

Njoo sasa kwenye mtaro. Tabora ni mji wa miembe, na kuanzia Novemba maembe yanaanguka pamoja na mvua za kwanza. Tunakula tukiwa tumesimama, kokwa tunarusha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kweli ile ya kubebea mizigo imepungua, ila vile vifuko vyembamba vya karanga na barafu bado vipo, vinajikunja kwenye kokwa, mchanga unajaa juu yake, kazi imekwisha. Halafu kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Kwetu maduka yanafungwa mpaka saa nne, kila mtu anafagia mbele ya mlango wake, na takataka zote zinasukumwa kulekule mtaroni. Tunauziba kwa bidii, tena kwa ratiba.

Majirani wenye msimamo wananiambia: sisi tunalipa kodi, mtaro ni wa serikali. Nakubaliana nao nusu. Karavati lililopasuka pale njia yetu inapokutana na lami hatuwezi kulijenga kwa michango ya elfu mbili, na wala hatupaswi. Lakini kokwa za maembe hazikutupwa na serikali.

Na hata hilo karavati tumelipoteza wenyewe. Mwaka juzi tulikwenda ofisi moja kulililia. Tukaulizwa muhtasari wa mkutano uliopitisha ombi, pamoja na saini za wakazi. Tukatazamana. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, maneno yalikuwa mengi na matamu, hakuna aliyeandika. Tarehe 27 Novemba 2024 tulipanga foleni ndefu kuchagua viongozi wa mtaa. Kwenye mkutano uliofuata nilihesabu watu kumi na wawili, na wanne kati yao walikuwa wamefuata barua za utambulisho tu.

Watu wakisema siku hizi umoja haupo, huwa nacheka. Huku ndiko sungusungu walikoanzia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wezi wa ng'ombe. Hawakusubiri mradi wala semina. Walikuwa na pinde zao na zamu zao, na aliyekwepa alitozwa. (Sitetei yote waliyoyafanya. Wapo waliopigwa bila kosa, na vikongwe walioteswa kwa tuhuma za uchawi.) Ninachokitaka kwao ni ile zamu tu.

Kwa hiyo pendekezo langu, ambalo baadhi ya wazee wamelipokea kama tusi, ni kwamba mtaro ukabidhiwe chama cha kuzikana. Tusiunde kamati mpya. Kamati mpya kwetu huishia kwenye kununua mhuri. Watu walewale, mweka hazina yuleyule, miwani ileile, majina yasomwe siku ileile ya matanga: nani kazibua, nani bado. Asiye na pesa aje na nguvu zake, mwenye duka atoe mkokoteni.

Hofu ya wazee ninaielewa. Wanasema pesa ya sanda ikianza kununua makoleo, kesho itanunua soda za kikao. Katibu amekubali kulileta jambo hili kwenye kikao cha mwezi huu kwa sharti moja, kwamba pesa ya msiba isiguswe hata shilingi, na mtaro uwe na daftari lake.

Daftari nimeshanunua. Ukurasa wa kwanza una majina mawili, langu na la mama wa vitumbua. Alitoa 2,000 yake, akasubiri niiandike, akaniuliza yale makoleo ya makaburini huwa yanalala kwa nani.