Ampu moja ya kazi zote au tatu zenye kazi zake? Tunabishania saundi wakati ugomvi uko kwenye volyumu

Huu ubishi kwa wapiga gitaa hauishi. Kuna wanaosema mpigaji aliyekomaa lazima awe na ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, zaidi ya moja, ya klini (saundi safi) iwepo, ya distosheni (saundi ya kukwaruza) iwepo, na kadogo ka kurekodia kawepo, na kwamba hizi za dijitali zinazoiga ampu nyingine ni za wanaojifunza, ukishakua unaachana nazo. Upande wa pili unasema nunua moja nzuri inayoweza yote, tulia, piga gitaa. Mimi naona hawa wa pili wanaonewa sana, na wanaonewa kwa sababu wote tunajadili saundi tu, klini ipi tamu, distosheni ipi nene, wakati kinachomfanya mtu aishie na ampu tatu ndani mara nyingi wala sio saundi.

Angalia zilikotoka. Enzi zile mitambo ya ukumbini ilikuwa inabeba sauti ya mwimbaji basi, gitaa lilitakiwa lisikike kwa nguvu ya ampu yake lenyewe mpaka nyuma kabisa. Vox AC30 ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu AC15, ampu yao ndogo, ilikuwa haitoshi, wapigaji wanazidiwa na kelele za mashabiki. Marshall ya kwanza, JTM45, ilitoka London kwenye 1962 hivi kwa kuchukua muundo wa Fender Bassman, ampu iliyotengenezwa kwa ajili ya besi kabisa, na haikuchukua muda wakafika wati 100. Fender nao wakatoa Twin Reverb mwaka 1963, ya wati 85 hivi, spika mbili za inchi 12. Yaani wote walikuwa wanakimbizana na ukumbi. Zile saundi tunazoziabudu leo zilipatikana njiani humo.

Sasa ampu ya valvu, ile yenye vioo vinavyowaka ndani, ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi kwa sauti. Utamu wake una mahali pake kwenye kitufe. Ukiiminya kidogo inaanza kukwaruza vizuri, ukipiga taratibu inatulia, ukikaza mkono inajibu, na hapo ndipo watu wanapoipenda, na kweli inapendeza, sibishi. Ila mahali hapo ni volyumu fulani tu. Twin mpaka ianze kukwaruza kwenye ukumbi mdogo watu wameshatoka nje. Kwa hiyo mwenye Twin anatafuta ya wati 20 kwa ajili ya klabu, akifika nyumbani ya wati 20 nayo inagombanisha na majirani, anatafuta ya wati 5. Muulize ana ampu tatu za nini atakwambia saundi tatu, lakini ukimchunguza ana saundi moja anayoitafuta kwenye volyumu tatu.

Na hapa kuna hesabu ambayo wengi wetu tunaikosea, naomba tukae nayo kidogo maana ndiyo inayokula hela za watu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na sikio la mtu wa kawaida linahitaji kama desibeli 10 ndio liseme sasa imekuwa mara mbili. Maana yake ya wati 100 dhidi ya ya wati 50, kwa spika ileile, tofauti ni ndogo mno, wala haifanani na bei wala na uzito. Ili ampu ya wati 85 isikike nusu yake tu inabidi ushuke mpaka wati 8 na nusu. Kwa hiyo yule aliyeuza ya wati 100 akanunua ya 50 akidhani sasa atapiga sebuleni, hajafanya kitu, na hata ile ya wati 5 ukiifikisha pale kwenye utamu wake bado ni kelele kwa nyumba za kupanga ukuta kwa ukuta.

Halafu chukua kitu kama Boss Katana 50, iliyotoka 2016, ambayo watu wanaidharau kwa sababu imejaa kila mahali. Ina swichi ya wati 50, 25 na nusu wati. Kutoka 50 mpaka nusu ni mara 100, yaani desibeli 20, sikio linasikia kama robo ya mwanzo, na tabia ya saundi inabaki karibu ileile kwa sababu ukwaruzaji wake unatengenezwa kabla haujafika kwenye nguvu ya kusukuma spika. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kikubwa kwenye ampu za kazi zote, kuliko hizo orodha za ampu kumi zilizoigwa humo ndani ambazo nusu yake hutazigusa maisha yako yote.

Nenda kanisani Jumapili uone. Kwaya imesimama, maikrofoni nne ziko mbele yao, ampu ya gitaa iko nyuma yao inaelekea kwenye maikrofoni hizohizo. Fundi mitambo anainua mkono, kidole chini, maana gitaa linaingia kwenye maikrofoni za sauti ya kwanza na yeye hawezi kulitoa. Mpigaji anarudisha kitufe kutoka tano mpaka mbili, saundi inanywea, inakuwa nyembamba haina tumbo. Anachofanya sasa ni kukaza mkono wa kulia kuifidia, nyuzi zinapanda, tyuning inayumba, na ile rizimu iliyokuwa inaelea inakuwa ya kugongagonga. Watu wanasema leo kijana hayuko vizuri, na kijana yuko vizuri kabisa, ampu yake ndiyo iliyotengenezwa kwa volyumu ambayo kanisa halitaikubali hata siku moja.

Na muziki wetu wenyewe unatuambia kitu. Kwenye dansi magitaa matatu yanapiga pamoja, solo, solo ya pili na rizimu, na kila moja unalisikia liko wapi. Wakati wa bendi za Dar kama NUTA Jazz iliyoanza 1964, au Mlimani Park iliyoanza 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, mwanamuziki akihama anaviacha, anakwenda kukuta vingine kule, na bado ukimsikia unamjua ni yeye. Tofauti ilikuwa kwenye mkono, kwenye sehemu ya uzi anayopigia, kwenye kupangilia nani anakaa juu nani anakaa katikati. Sebene la Wakongo hivyohivyo, benga hivyohivyo, ni klini, rivabu (mwangwi) kidogo, pengine madoido ya korasi au dilei, vidole ndio vinafanya kazi. Hizi hoja za kuwa na ampu tatu tumezichukua kwa wapigaji wa roki ambao kweli wanahama kutoka klini mpaka distosheni nzito ndani ya wimbo mmoja. Mpigaji wa Dar au Kisumu anayepiga harusi Jumamosi na ibada asubuhi yake anahitaji klini nzuri kwenye volyumu yoyote, na ukwaruzo kidogo wa kupigia solo, basi.

Wale wa ampu nyingi wana hoja nzito lakini, na kuna moja inanisumbua kweli. Ampu ya zamani ya valvu inatengenezeka. Fundi mwenye mita na chuma cha kulehemu akiifungua anaona kila kitu, rizista hii, kapasita ile, anafuata njia mpaka anaupata ubovu, ndio maana kuna Fender za miaka ya 1950 mpaka leo zinapiga. Ya dijitali bodi ikifa imekufa, vipuri ni vya kampuni yenyewe, na kampuni ikishatoa toleo jipya haina habari na la zamani. Ukiwa na moja tu na imezima saa moja kabla ya shughuli, umekwisha. Hapo wana haki. Ninachowajibu ni kwamba dawa ya hilo sio kununua ampu mbili zaidi, ni kuwa na kipedali kimoja, kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, chenye saundi ya ampu unachoweza kuchomeka moja kwa moja kwenye mikisa, kinaingia kwenye begi la gitaa. Na valvu zenyewe sio kama zinapatikana duka la jirani, zinatengenezwa na viwanda vichache mno, Slovakia, China na Urusi, na mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza watu wa Ulaya na Marekani wenyewe walihaha kuzitafuta, sembuse sisi.

Kwenye mguso pia bado nawapa, mkono ukishazoea valvu unaijua. Ila pengo linazidi kupungua. Fender wenyewe mwaka 2019 walitoa Twin Reverb ya dijitali, Tone Master, kilo 15 badala ya 29 za yenye valvu, na hiyo wala haiigi ampu kumi, inaiga Twin tu. Kilo 14 za tofauti sio mchezo kwa mtu anayepanda bajaji na gitaa mgongoni.

Kitu kingine, umeme. Ampu nyingi nzuri za mtumba zinatoka Japani, volti 100, au Marekani, volti 120. Sisi Tanzania ni 230, Kenya 240. Ukichomeka bila stepdauni, ile transfoma ya kushusha volti, unasikia harufu kabla hujasikia gitaa. Mwenye ampu moja anaangalia nyuma mara moja imeandikwa volti ngapi, anamaliza. Mwenye tatu za nchi tatu anabeba na stepdauni, na siku moja kijana wa kufunga vyombo atachomeka pasipo.

Kama una studio na watu wanalipia kurekodi kila wiki, nunua hizo tatu, tena ukiweza changanya mbili kwenye gitaa moja, inatoa upana ambao moja haikupi. Kama wewe ndiye mwenye bendi na vyombo vinalala ukumbini, nunua. Na besi muitengee ya kwake kwa hali yoyote ile, hata kama bajeti ni finyu, maana ampu ya gitaa ukiichomeka besi ukaipandisha mtapasua spika, na mkisema "kidogo tu mpaka ibada iishe" mtapasua spika hivyohivyo.