Miaka 12 na Stakabadhi za Kodi ya Ardhi

Nafundisha sheria ya ardhi chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika kwa Kiswahili makala zinazohusu jambo moja tu, nalo ni haki ya ardhi hapa Pwani ya Kenya. Wenzangu hunishauri nirudi kwenye majarida ya kitaaluma, kwa kuwa makala hizi hazihesabiwi mtu anapoomba kupandishwa cheo. Siafikiani nao, na sababu yangu iko Malindi.

Katika mitaa yetu mtu huweza kuwa na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake ilhali kiwanja ni cha mwingine, ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Mizizi ya matatizo yetu inafika hadi sheria ya mwaka 1908, iliyowataka wenye ardhi wa Pwani wawasilishe madai yao; ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na wengi wakajikuta maskwota katika mashamba ya babu zao.

Wakati mmoja niliandika kwamba, kwa kifungu cha 38 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri, aliyekaa waziwazi kwenye ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo aweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki, na kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa hapa Malindi ilikataa hoja kuwa kanuni hiyo inakiuka Katiba. Hayo yote yalikuwa sahihi. Nililoliacha, kwa kuwa wanafunzi wangu wote wanalijua, ni kwamba ukaaji huo lazima uwe bila idhini ya mwenye ardhi.

Baada ya magharibi siku moja alinijia mzee mmoja na kopo la biskuti. Alitoa stakabadhi za kodi ya ardhi zilizofungwa kwa uzi, kuukuu zake zimeshageuka rangi ya chai, akazipanga mkekani mwaka baada ya mwaka. "Mwanangu," akaniambia, "hii hapa miaka thelathini na mmoja. Yatosha?" Kila karatasi aliyoitunza kama ushahidi wake ilikuwa ushahidi dhidi yake, kwa sababu alipaye kodi anakaa kwa idhini, na miaka yake haihesabiwi. Nilipomweleza, alizikusanya mojamoja bila kusema neno.

Tangu hapo kila makala yangu huanza kwa kuwataja wasiosaidiwa na sheria ninayoieleza: mpangaji, aliyekaribishwa na jamaa, aliye kwenye ardhi ya serikali. Kosa nikilifanya, masahihisho hukaa juu kabisa, yakiwa na tarehe. Mgogoro ambao nimelipwa kutoa ushauri wake siuandikii. Tena situmii neno "hati" peke yake, maana watu huiita hivyo barua ya mgao, mkataba wa mauzo na hatimiliki, na mnunuzi asiyezitenganisha hupoteza akiba ya maisha yake. Sheria zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Tusipozieleza sisi tuliosomeshwa, atazieleza dalali.

Mzee yule sasa anajadiliana na mwenye kiwanja ili akinunue. Makala ninayoiandika wiki hii inahusu mkataba wa namna hiyo, ambao lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na ushuhudiwe, na nimemwomba mwanawe aisome kabla sijaitoa.